Mkanda wa Chuma na Mkono Ulio Hai: Namna ya Kurekebisha Mkanda wa Saa Nyumbani

Saa ya mkononi ni mojawapo ya mashine chache ambazo binadamu huzivaa mwilini. Watu wengi huitunza kwa kuipangusa kioo na kuilinganisha na saa ya redio. Lakini mkanda unaoishikilia mkononi haupewi fikira nyingi, ingawa huo ndio unaoamua kama saa itadumu au itaanguka.

Saa yenye mkanda wa chuma hutoka kiwandani ikiwa na mkanda mrefu kupita kipimo cha mikono ya watu wengi. Jambo hilo hufanywa kwa makusudi, maana kupunguza pingili ni rahisi kuliko kutafuta nyingine za kuongeza. Kwa hiyo mwenye saa mpya, au aliyerithi saa ya mzee wake, hujikuta na mkanda unaozunguka mkononi kama bangili. Wengine huivaa hivyo hivyo. Saa hugonga mlango na meza, kioo hukwaruzika, pini huchoka, na siku moja saa huanguka barabarani bila mwenyewe kujua. Wengine hupunguza kupita kiasi, na ngozi ikabaki na alama, jasho na vipele. Wapo pia wanaochukua kisu na nyundo, wakaharibu pingili ambayo haina mfano wake dukani.

Kazi hii ni ndogo, na yaweza kufanywa nyumbani kwa vifaa vichache. Hata hivyo haifanyiki vizuri kwa nguvu. Anayeifanya hana budi kuelewa mambo mawili: ni kitu gani kinachobadilika, na ni kitu gani kinachoshikilia. Makala haya yanakusudia kuyaeleza yote mawili.

KINACHOBADILIKA NI MKONO, SI CHUMA

Husemwa mara nyingi kwamba mkanda wa chuma hubana mchana kwa sababu chuma hutanuka kwa joto. Ni kweli kwamba chuma hutanuka, lakini tujaribu kupima ni kwa kiasi gani. Chuma cha pua kisichoshika kutu, cha aina inayotumika katika mikanda ya saa, hutanuka karibu sehemu 17 katika milioni ya urefu wake kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Tuchukue mkanda wenye urefu wa milimita 180, na siku ambayo joto limepanda kutoka nyuzi 15 alfajiri hadi nyuzi 35 mchana. Tukizidisha 180 kwa 20, na kisha kwa 0.000017, tunapata milimita 0.06. Huo ni unene wa unywele mmoja tu. Hakuna mkono unaoweza kuihisi tofauti hiyo.

Tena kuna hoja nyingine iliyo nzito zaidi. Chuma kinapotanuka, mkanda mzima huwa mrefu zaidi na mzingo wake huongezeka. Kama chuma kingekuwa ndicho chanzo, basi mkanda ungelegea wakati wa joto, wala usingebana. Sisi twaona kinyume chake. Kwa hiyo jibu lazima litafutwe upande wa pili, yaani mkononi.

Mwili wa binadamu hujitahidi kuweka joto lake katika kiwango kisichobadilika sana. Hewa inapokuwa ya moto, mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi hupanuka ili damu nyingi ipite juu na kulitoa joto nje. Maji kidogo huvuja kutoka katika mishipa hiyo na kukaa katika nyama za mwili. Kifundo cha mkono huvimba, na mkanda usionyumbulika hubana. Kazi ya sulubu, safari ndefu ya basi mikono ikiwa imening'inia, chakula chenye chumvi nyingi, na ujauzito, vyote huweza kuongeza uvimbe huo. Wakati wa baridi mishipa husinyaa na mkono hupungua. Msafiri aliyetoka Dar es Salaam na saa iliyomkaa sawasawa ataiona ikicheza mkononi atakapofika Njombe mwezi wa Julai, ilhali mkanda ni ule ule.

Hapo ndipo yanapopatikana mafundisho ya kwanza. Kipimo cha mkanda kichukuliwe mchana au jioni, baada ya kazi za kawaida, wakati mkono umefikia ukubwa wake wa siku. Anayepima alfajiri baada ya kuoga maji baridi atapata mkanda utakaomtesa ifikapo saa nane mchana.

KIPIMO KINACHOFAA

Vaa saa mahali unapoivaa siku zote, juu kidogo ya kinundu cha mfupa kilicho upande wa kidole cha mwisho. Funga kifungo, kisha kunja mkono na kuukunjua. Mkanda unaofaa huruhusu kidole kidogo kupenya kati yake na ngozi bila kulazimishwa. Saa inaweza kusogea kiasi cha sentimita moja juu na chini, lakini haizunguki hadi upande wa kiganja, wala haivuki kile kinundu cha mfupa. Ukiivua baada ya saa moja usikute alama nzito ya pingili katika ngozi.

Ili kujua ni pingili ngapi za kupunguza, kusanya sehemu iliyolegea chini ya mkono, uibane kwa vidole viwili, na uhesabu pingili zilizokusanyika. Kisha punguza idadi hiyo kwa moja kabla ya kuanza kazi. Sababu yake ni ya kihesabu. Pima pingili moja kwa rula. Tuseme ina urefu wa milimita 8. Ukiitoa, mzingo wa mkanda hupungua kwa milimita 8 nzima, na kipenyo chake hupungua kwa karibu milimita 2.5. Tofauti hiyo ni kubwa kwa kitu kinachogusa ngozi, na mara nyingi pingili moja ndiyo inayotenganisha mkanda unaoning'inia na mkanda unaobana.

Kwa ajili hiyo watengenezaji wengi wameweka njia ya kurekebisha kidogo kidogo katika kifungo chenyewe. Tazama ubavuni mwa kifungo: vifungo vingi vina safu ya matundu madogo, yaliyoachana kwa milimita chache tu. Ndani ya tundu mojawapo mmeingia ncha ya pini yenye springi. Pini hiyo ni mrija mwembamba wenye springi ndani na ncha mbili zinazoweza kubonyea. Bonyeza ncha kwa kijiti cha meno au sindano butu, isogeze hadi tundu linalofuata, na usikilize mlio mdogo inapoingia. Kwa watu wengi kazi yote huishia hapa, bila pingili kuguswa. Yafaa basi kuanzia kwenye kifungo daima, na kuziendea pingili pale tu matundu yanapokwisha.

NAMNA NNE ZA KUUNGA PINGILI

Kila fundi ana njia yake, lakini mikanda mingi ya chuma huunganishwa kwa mojawapo ya namna nne.

Ya kwanza ni pini iliyopasuliwa. Hii ni kipande cha waya kilichokunjwa au kupasuliwa upande mmoja, na miguu yake miwili imeachana kidogo. Inapoingizwa katika tundu miguu hubanwa. Nayo, kwa unyumbufu wake, husukuma kuta za tundu ikitaka kujitanua tena. Msuguano unaotokana na kusukumana huko ndio unaoizuia isitoke.

Ya pili ni pini na bushi. Pini yenyewe imenyooka na haina mpasuko. Kinachoishika ni bushi, yaani mrija mfupi sana uliofichwa ndani ya pingili. Pini hupenya humo kwa kubana. Bushi ni ndogo kuliko punje ya mchele, na huanguka bila sauti pingili zinapoachana. Anayeipoteza ataona pini ikiingia kwa urahisi wa ajabu na kudhani amefanya kazi vizuri, kumbe hakuna tena kinachoishikilia. Ni kwa njia hii saa nyingi hupotea siku chache baada ya kurekebishwa.

Ya tatu ni skrubu. Ukiona mfereji mwembamba kwenye kichwa cha pini ubavuni mwa mkanda, usiisukume hata kidogo. Hiyo hufunguliwa kwa bisibisi. Skrubu nyingine hupakwa gundi maalumu kiwandani ili zisijifungue. Zikikataa, sehemu ya mkanda iliyokwisha kutenganishwa na saa yaweza kupashwa kwa maji ya moto ili gundi ilainike.

Ya nne ni mkanda unaovutika, wenye springi nyingi ndogo chini ya pingili zake. Aina hii ilipata umaarufu mkubwa kupitia mkanda wa Twist-O-Flex ulioletwa sokoni na kampuni ya Speidel ya Marekani mwaka 1959. Mkanda huu hauna pini za kusukuma. Pingili zake hushikana kwa vikunjo vya bati vinavyoinuliwa. Vikunjo hivyo huvunjika vikipindwa mara nyingi, na yafaa kazi yake iachiwe fundi mwenye uzoefu.

VIFAA NA MAANDALIZI

Vifaa vinavyohitajika ni kipande cha mbao laini, nyundo ndogo, koleo dogo lenye mdomo mwembamba, bisibisi ndogo, mswaki mkuukuu, kitambaa cheupe, na kisukumizo cha pini. Katika mbao kata mfuo kwa msumeno, wenye upana wa kuuwezesha mkanda kusimama kwa ubavu bila kuyumba. Chini ya mfuo toboa tundu ambamo pini itashukia.

Kisukumizo chaweza kutengenezwa kwa msumari mwembamba uliosawazishwa ncha kwa tupa hadi iwe bapa, na iwe nyembamba kidogo kuliko pini. Wengi hukimbilia sindano ya kushonea. Hilo si jambo la busara. Sindano imetengenezwa kwa chuma kilichokazwa kwa moto. Ni ngumu lakini ni kikavu, na ikipigwa nyundo hukatika na kipande chake kikaruka machoni. Msumari ni laini zaidi: ukizidiwa hupinda tu. Hata hivyo mfanyakazi avae miwani, kwa kuwa pini yenye springi nayo huruka kwa kasi inapoponyoka.

Osha mkanda kwa maji vuguvugu, sabuni na mswaki, ukiwa na hakika kwamba saa yenyewe haiingizi maji. La sivyo, utenganishe kwanza na saa. Taka zilizokauka kati ya pingili ni mchanganyiko wa jasho, mafuta ya ngozi na vumbi, na ndizo zinazoifanya pini iwe kama imeotea mle ndani. Ikiwa bado ni ngumu, tia tone moja la mafuta ya cherehani na uiache usiku kucha.

KAZI YENYEWE

Tandaza kitambaa cheupe mezani, ili chochote kitakachoanguka kionekane. Bonyeza pini ya springi na kuufungua mkanda kwenye kifungo. Ikiwezekana, tenganisha mkanda na saa. Katika saa ya kutia ufunguo, ncha za mhimili wa gurudumu la mizani ni nyembamba kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita, na mapigo ya nyundo yanayopita katika mkanda si rafiki yake.

Geuza mkanda utazame upande wa ndani. Pingili zinazoweza kutolewa kwa kawaida zimechorwa mishale midogo. Zisizo na mshale mara nyingi zimeshindiliwa kiwandani na hazikukusudiwa kufunguliwa. Mshale huonyesha upande ambao pini hutokea. Wakati wa kutoa, sukuma kwa kuufuata mshale. Wakati wa kurudisha, ingiza pini kupitia upande ule ule ilikotokea, yaani kinyume cha mshale. Kwa pini iliyopasuliwa, ncha nzima itangulie na ncha yenye mpasuko iwe ya mwisho. Anayekwenda kinyume hulazimisha miguu iliyotanuka ipite katika tundu lote, ikaliparua na kulipanua.

Simamisha mkanda katika mfuo, mshale ukielekea chini. Weka kisukumizo juu ya pini, na upige mapigo mengi mepesi badala ya moja zito. Pigo jepesi huushinda msuguano kwa hatua ndogo na kumpa mtu nafasi ya kuona kama amekosea. Pigo zito hupindisha pini ndani ya tundu, na pini iliyopinda haitoki kwa njia yoyote iliyo rahisi. Pini ikichomoza milimita mbili au tatu, ishike kwa koleo na uivute ikiwa imenyooka. Tazama mara moja kama kuna bushi iliyoanguka.

Ili kutoa pingili mahali pamoja, hutolewa pini mbili na hurudishwa moja. Kwa hiyo, kwa kila mahali ulipopunguza, yapasa ibaki pini moja mkononi. Zikibaki mbili, basi kuna kiungo kisicho na pini, na kazi haijaisha.

Kama pingili za kutoa ni mbili, toa moja kila upande wa saa. Kama ni moja tu, au ni tatu, jaribu kwanza kisha tazama kiganja kikiwa juu: kifungo hakina budi kukaa katikati ya kifundo cha mkono. Kikielekea upande mmoja, ndipo uamue pingili itoke upande wa tarakimu 12 au wa tarakimu 6. Tunazungumzia tarakimu zilizochapwa usoni mwa saa, wala si saa kama tunavyozitaja kwa Kiswahili, ambapo tarakimu 12 ni saa sita.

Rudisha pini hadi izame sawa kwa pande zote mbili. Pitisha ukucha ubavuni: usikwame popote. Mwisho, ukiwa juu ya kitambaa, vuta mkanda kwa mikono miwili kwa nguvu ya wastani. Ni afadhali uachie hapo kuliko ndani ya daladala.

MKANDA UNAOSEMEKANA UMEREFUKA

Wenye saa za miaka mingi hulalamika kwamba mkanda umerefuka. Chuma cha pingili hakivutiki kwa uzito mdogo wa saa. Kilichotokea ni kwamba vumbi na jasho vimefanya kazi ya msasa katika viungo. Pini zimepungua unene na matundu yamepanuka. Mkanda wenye viungo 20, kila kimoja kikiwa kimelika sehemu moja ya kumi ya milimita, utakuwa umeongezeka milimita 2. Kutoa pingili kutarudisha urefu, lakini hakutarudisha uimara. Pini zilizolika zibadilishwe, na mkanda uoshwe mara kwa mara ili ugonjwa usiendelee.

Hapa yafaa kukumbuka asili ya chuma chenyewe. Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha kutengenezea mitutu ya bunduki isiyolika upesi, akapata mchanganyiko wenye karibu asilimia 13 ya kromiamu ambao haukushika kutu kwa urahisi. Kromiamu hushikana na oksijeni ya hewa na kufanya utando mwembamba unaokilinda chuma. Utando huo ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe, mradi oksijeni ipo. Katika nyufa kati ya pingili, maji ya bahari au jasho likituama, oksijeni hupungua, na chumvi hupata nafasi ya kula. Anayeoga baharini Tanga, Mombasa au Unguja na ausuuze mkanda wake kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Mikanda mingi ina nikeli pia, na ngozi za watu wengine huikataa kwa kuwasha na kutoa vipele. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 1994 la kuweka kikomo cha nikeli inayotoka katika vitu vinavyogusa ngozi kwa muda mrefu. Mwasho unaobaki hata baada ya mkanda kulegezwa na kuoshwa usichukuliwe kuwa ni suala la kipimo. Mtu aivue saa na kumwona mganga.

TAHADHARI YA MWISHO

Mkanda unaokaa vizuri humfanya mtu asahau kwamba ameuvaa, na usahaulifu huo una hatari yake. Anayeshughulikia betri ya gari, au mashine inayozunguka, na avue saa kwanza. Mkanda wa chuma ukigusa kwa pamoja ncha ya betri na bodi ya gari hupitisha mkondo mkubwa wa umeme, na huweza kupata moto wa kuunguza nyama kabla kifungo hakijafunguliwa. Msukumo wa volti 12 ni mdogo, lakini mkondo wake si mdogo.

Pingili zilizotolewa zisitupwe. Ziwekwe pamoja na pini na bushi zake katika kikopo au bahasha iliyoandikwa jina la saa. Mkono hunenepa na kukonda. Ugonjwa huupunguza, umri huubadilisha, na saa ya baba huweza kuhamia kwa mtoto mwenye mkono mwingine kabisa. Pingili iliyotupwa leo huenda isipatikane tena, kwa kuwa kiwanda huacha kutengeneza aina hiyo miaka mingi kabla ya saa yenyewe kufa. Aliyeihifadhi ataweza kuufungua mkanda na kuurudishia urefu wake, kwa vifaa vile vile na katika kitambaa kile kile.